Robert Koch na Ugonjwa wa Kimeta

Huenda wewe unafuga mbuzi. Hapa Rusimbi, na Ujiji yote, mpaka vijiji vya Waha kule juu milimani, nyumba nyingi zina mbuzi wawili watatu. Mbuzi ni akiba. Mtoto akihitaji sare ya shule, mgonjwa akihitaji nauli, au sikukuu ya Idi ikifika, mbuzi ndiye anayetazamwa.

Sasa fikiri mbuzi mmoja ameanza kutetemeka ghafla. Jana alikula vizuri. Leo anahema kwa shida, anayumba, anaanguka. Watu hufanya nini? Wengi hukimbilia kisu. Wanataka kumwahi, achinjwe kabla hajafa kibudu, nyama isipotee. Lakini kama mbuzi huyo ana kimeta, kisu hicho kinaweza kuleta msiba nyumbani. Tena ugonjwa unaweza kubaki katika udongo wa mahali hapo kwa miaka mingi.

Jambo hili halikujulikana zamani. Aliyelionyesha wazi alikuwa daktari wa wilaya huko Ujerumani. Jina lake Robert Koch. Herufi mbili za mwisho katika jina lake hutamkwa kama zile za mwisho katika neno Sheikh. Baadaye daktari huyu alifika hata nchini kwetu. Hizi ni habari za maisha yake.

Mtoto wa Clausthal

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz. Mji huo ulikuwa wa wachimba madini, na baba yake alifanya kazi ya migodi. Mama yake alizaa watoto 13. Unaweza kukisia nyumba hiyo ilivyokuwa wakati wa chakula.

Inasimuliwa kwamba Robert alipokuwa na umri wa miaka 5 aliwashangaza wazazi wake. Alikuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kutazama magazeti yaliyokuwa nyumbani. Wewe uliyeanza kusoma ukiwa mtu mzima unaijua kazi iliyopo katika herufi za kwanza. Kwa hiyo unajua mtoto huyu alikuwa na subira ya namna gani.

Mwaka 1862 alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Göttingen. Mwaka 1866 alimaliza masomo ya udaktari. Mwaka uliofuata alimwoa Emmy Fraatz, wakapata mtoto mmoja wa kike. Mwaka 1870 nchi yake ilipigana na Ufaransa, naye akaenda vitani kutibu majeruhi. Vita ilipokwisha alitafuta kazi ya kudumu. Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya mahali paitwapo Wollstein. Siku hizi mji huo uko katika nchi ya Poland, nao huitwa Wolsztyn.

Panya na vijiti

Wollstein ilikuwa wilaya ya wakulima na wafugaji, na mifugo yao ilikufa sana kwa kimeta. Kondoo alitoka malishoni mzima, kesho yake akakutwa amekufa. Wachunga na wachuna ngozi nao walipata vidonda vyeusi, na wengine wakafa. Wafugaji walijua jambo moja la ajabu. Yako malisho yaliyoua mifugo mwaka hadi mwaka, hata yakiachwa muda mrefu bila mnyama. Wengine walidhani ni laana ya ardhi.

Koch hakuwa na maabara. Hakuwa na msaidizi, wala fedha za serikali kwa kazi hiyo. Alikuwa na hadubini, yaani chombo chenye vioo vinavyokuza vitu vidogo sana mpaka vionekane. Inasemekana mkewe ndiye aliyemnunulia. Alitenga pembe ya chumba chake cha kutibia kwa pazia. Wagonjwa walikaa upande huu, hadubini ilikaa upande wa pili.

Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Walibishana. Je, vijiti hivyo ndivyo vinavyoua, au vimekuja tu baada ya kifo? Koch alitaka kujua hakika.

Alichukua damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta. Alichovya kijiti cha mti ndani yake, kisha akakiingiza katika jeraha dogo alilomkata panya mkiani. Kesho yake panya alikuwa amekufa, na damu yake ilijaa vile vijiti. Akachukua damu ya panya huyo akamtia mwingine. Naye akafa. Aliendelea hivyo panya kwa panya, mara 20, na kila mara mambo yalikuwa yaleyale. Panya waliotiwa damu ya mnyama mzima hawakufa.

Koch hakuridhika. Alitaka kuvitazama vijiti vikikua nje ya mwili. Alichukua maji ya jicho la ng'ombe, maana ni maji safi, akavitia humo na kuviweka mahali pa joto. Akakaa saa nyingi akitazama. Vijiti vilirefuka vikawa kama nyuzi. Kisha ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zinazong'aa, mfano wa shanga katika uzi. Vijiti vikafa, punje zikabaki. Alizikausha. Zilipotiwa tena katika maji mapya ya jicho, ziligeuka kuwa vijiti hai.

Punje hizo ni kama mbegu. Mbegu ya mchicha hukaa kavu ghalani, ukadhani imekufa, lakini ikipata maji huota. Mbegu ya kimeta hukaa katika udongo, jua likaiwakia na mvua ikainyeshea, isife. Mbuzi anapokula majani mafupi karibu na udongo huimeza, nayo huamka ndani ya mwili wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa laana ya yale malisho.

Mwezi Aprili 1876 Koch alifunga panya wake na vioo vyake, akapanda gari la moshi kwenda Breslau kwa profesa mkubwa aliyeitwa Ferdinand Cohn. Alimwonyesha kazi yake kwa siku tatu. Wataalamu walioitwa kutazama walistaajabu, maana daktari huyu wa shamba hakuna aliyemjua. Mwaka huohuo habari zikachapishwa.

Kwa nini usimpasue mnyama

Hapa soma polepole, maana ndipo kazi ya Koch inapokufikia wewe na kisu chako.

Koch aligundua kwamba vijiti vya kimeta haviwezi kufanya mbegu bila hewa. Mbuzi akifa na ngozi yake ikabaki nzima, hewa haiingii ndani. Mzoga ukioza, vijiti vingi hufa. Lakini mtu akimchinja, akimchuna au akimpasua, damu humwagika, hewa huipata, na mbegu hufanyika kwa wingi. Huingia katika udongo wa zizi lako, penye miguu ya mbuzi wako waliobaki na watoto wako.

Mbegu hizo hukaa muda gani? Mwaka 1942, wakati wa vita, Waingereza walijaribu silaha ya kimeta katika kisiwa kidogo cha Gruinard, pwani ya Scotland. Kondoo waliofungwa huko walikufa. Watu walikatazwa kukanyaga kisiwa hicho. Mwaka 1986 udongo wake ulisafishwa kwa dawa kali, na mwaka 1990 ndipo kilipotangazwa kuwa salama. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Basi ukikuta mbuzi amekufa ghafla, mtazame kwa mbali kwanza. Mbuzi wa kimeta huvimba upesi sana. Mwili wake mara nyingi haukakamai kama mizoga mingine. Damu nyeusi inaweza kumtoka puani, mdomoni au nyuma, na damu hiyo haigandi vizuri. Lakini dalili hizi si lazima zionekane zote. Kifo cha ghafla peke yake kinatosha kukufanya uweke kisu chini.

Usimguse kwa mikono mitupu. Fukuza mbwa na kuku. Mwite Bwana Mifugo wa kata. Yeye ndiye atakayechukua damu kidogo ya kupimwa, na ndiye atakayesimamia mzoga uchomwe moto mpaka uishe, au ufukiwe katika shimo lenye kina kisichopungua mita 2, mbali na kisima na mto. Udongo uliodondokewa na damu nao uchomwe au ufukiwe humo humo. Ngozi isichunwe. Najua bei ya ngozi na najua bei ya mbuzi, na si jambo jepesi kumtia shimoni mnyama uliyemlea. Lakini kuchemsha nyama hakuondoi hatari. Mbegu za kimeta huweza kuvumilia moto wa chungu, na anayemkatakata mnyama huyo anaweza kuambukizwa kabla sufuria haijateremshwa jikoni.

Mtu huambukizwaje? Mara nyingi ni kwa ngozi. Mbegu huingia penye mkwaruzo mdogo mkononi, au usoni ulipojikuna. Baada ya siku chache hutokea kipele kinachowasha, kama umeumwa na mdudu. Kipele hugeuka lengelenge, kisha kidonda. Katikati ya kidonda huwa peusi kama mkaa, na pembeni huvimba. Ajabu yake ni kwamba kidonda hicho kwa kawaida hakiumi. Ndiyo maana watu hukidharau.

Ukiona kidonda cha namna hii, usikitumbue, usikichome kwa chuma cha moto. Kifunike kwa kitambaa safi, uende zahanati siku hiyohiyo. Mweleze mganga kwamba uligusa mbuzi aliyekufa. Usipomweleza anaweza kudhani ni jipu. Kimeta cha ngozi hutibika kwa dawa za jamii ya penisilini na nyinginezo, na karibu wote wanaowahi dawa hupona. Wasiotibiwa, hufa hata 2 katika kila 10. Kimeta kilichoingia tumboni kwa nyama, au mapafuni kwa vumbi la ngozi, huua wengi zaidi.

Ni vizuri pia usiite kila kidonda cha mbuzi kimeta. Mwanambuzi mwenye magamba na vidonda kuzunguka midomo na pua ana ugonjwa mwingine. Ugonjwa huo huambukiza wenzake, na hata wewe unaweza kupata kidonda mkononi ukimshika. Mtenge, mpe majani laini, usiyabandue magamba yake, na nawa mikono kwa sabuni. Kwa kawaida hupona katika muda wa mwezi mmoja hivi. Zoa magamba yaliyoanguka zizini uyachome, maana ugonjwa hukaa ndani yake. Mbuzi anayejikuna ukutani na kunyonyoka manyoya ana upele, naye anahitaji josho au sindano. Mwenye vinundu mwili mzima na homa huenda ana ndui ya mbuzi, basi toa habari upesi. Magonjwa haya yote huonekana kwenye ngozi ya mbuzi. Kimeta humwua mbuzi kabla ngozi yake haijaonyesha kitu. Kidonda chake hukiona kwenye mkono wako mwenyewe.

Mbuzi wa Pasteur

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin kufanya kazi katika ofisi kuu ya afya. Sasa alipata maabara na wasaidizi. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba ameviona vijidudu vya kifua kikuu. Mwaka 1883 alikwenda Misri, kisha India, akavitambua vijidudu vya kipindupindu na kuonyesha kwamba hupita katika maji machafu. Sisi wa kando ya ziwa tunajua maana ya habari hiyo.

Wakati huo huko Ufaransa alikuwako mtaalamu mwingine mkubwa, Louis Pasteur. Yeye alitafuta chanjo ya kimeta. Mwezi Mei 1881, mahali paitwapo Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo 24, mbuzi 1 na ng'ombe 6. Kondoo wengine 24, mbuzi 1 na ng'ombe 4 hawakuchanjwa. Tarehe 31 Mei wote walidungwa vijidudu vikali vya kimeta. Watu walikusanyika tarehe 2 Juni kutazama. Mbuzi asiyechanjwa alikuwa amekufa. Kondoo wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho. Mbuzi aliyechanjwa alikuwa amesimama.

Ungefikiri Koch na Pasteur wangepeana mikono. Sivyo. Nchi zao zilikuwa zimepigana, na wote wawili walikuwa na kiburi. Waligombana hadharani na katika magazeti kwa miaka. Wasomi wakubwa nao ni watu.

Koch aja Afrika

Tangu ujana wake Koch alitamani kuona nchi za mbali, na uzeeni alizipata. Mwaka 1896 aliitwa Afrika ya Kusini, ambako sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe. Huko Kimberley alijaribu kuwakinga ng'ombe wazima kwa kuwadunga nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Njia hiyo ilisaidia, ingawa haikutosha. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imekwisha duniani mwaka 2011.

Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam. Nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani wakati huo. Alichunguza malaria, na homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe.

Mwaka 1905 alirudi tena. Safari hii alifuata ugonjwa unaowahusu sana watu wa Ujiji, yaani homa ya papasi. Reli ilikuwa haijafika Kigoma. Ilifika mwaka 1914. Watu na mizigo walipita njia ya misafara, kutoka pwani mpaka Tabora na Ujiji, wakilala katika vibanda vya njiani. Koch alichimba udongo wa sakafu za vibanda hivyo na kuwatoa papasi. Akakuta vijidudu vya homa ndani yao, na hata ndani ya mayai yao. Maana yake papasi mama huwarithisha watoto wake ugonjwa.

Koch hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Ng'ambo ya ziwa letu, huko Umanyema, daktari Mwingereza Dutton na mwenzake Todd walikuwa wanachunguza homa hiyohiyo. Dutton mwenyewe aliugua, akafa Kasongo mwezi Februari 1905. Katika Ujiji wako wengi ambao babu zao walitoka upande huo, na jina la Kasongo si geni kwao.

Mwaka 1906 Koch alikwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria, Uganda. Malale ilikuwa imeua watu zaidi ya 200,000 katika nchi hiyo kwa miaka michache. Koch aliweka kambi, na wagonjwa wakaja kwa mamia. Aliwadunga dawa iliyoitwa atoksili, ambayo ndani yake mna sumu. Wengi walipata nafuu ya muda. Kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka macho. Jambo hili halifai kufichwa. Wagonjwa hao walikuwa watu waliokuja wakitumaini kupona, na katika Ujerumani asingethubutu kujaribu dawa kwa namna hiyo. Baada yake Wajerumani walifungua kambi za malale hata kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, na watu wengi walizikimbia. Ukijua habari za Sese, huwezi kuwalaumu.

Hata kwao alikuwa na aibu yake. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walikufa. Siku hizi hutumika kupimia ugonjwa tu.

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910, huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamewekwa Berlin katika taasisi yenye jina lake.

Chanjo ya siku hizi

Kimeta hakijaisha. Hapa Tanzania hutokea mara kwa mara, hasa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Mwaka 2004 na 2005 kiliua viboko zaidi ya 200 katika mbuga ya Malkia Elizabeth, Uganda. Kwa hiyo wewe mvuvi, ukikuta kiboko aliyekufa anaelea, usimkate nyama. Toa habari.

Chanjo ya Pasteur haitumiki tena. Miaka ya 1930 mtaalamu wa Afrika ya Kusini, Max Sterne, alitengeneza iliyo bora zaidi, na hiyo ndiyo inayotumika sehemu nyingi za dunia mpaka leo. Penye kimeta, mbuzi huchanjwa kila mwaka. Mbuzi anayeumwa hachanjwi, wala anayepewa dawa za sindano wakati huo, maana dawa huiua chanjo. Uliza ofisi ya mifugo ya kata kama eneo lako linahitaji chanjo, na itatolewa lini. Chanjo hubebwa katika sanduku la barafu na haiwezi kungoja juani, kwa hiyo siku hiyo mbuzi wafungwe mapema asubuhi, kabla hawajatawanyika kwenda malishoni.